Nikishika sindano mawazo ndiyo kwanza yanafurika: nakosea wapi?

Swali: Nina miaka 38. Miezi mitatu iliyopita nilianza kudarizi kwa sababu niliambiwa kunatuliza akili na kunampa mtu nafasi ya kujitafakari. Lakini kila nikikaa na sindano, mawazo ndiyo kwanza yanafurika. Kuna rafiki yangu wa tangu utotoni tuliyekosana mwaka jana, na nikianza tu kushona najikuta namjibu kichwani maneno ambayo sikumwambia siku ile. Jani moja nimelishona na kulifumua mara nne. Nakosea wapi? Au mambo haya si ya watu kama mimi? Na nikimaliza, nimpelekee yeye hicho kitambaa?

Jibu: Dada, nianze na hilo jani, maana nadhani lina makosa kuliko wewe.

Hukutaja mshono, lakini jani linalofumuliwa mara nne nalijua. Ni lile la kujaza, nyuzi zinalazwa bega kwa bega kutoka ukingo hadi ukingo mpaka umbo zima ling'ae kama limepakwa mafuta. Mshono huo ni mzuri na ni mkorofi. Uzi mmoja ukimpanda mwenzake kidogo tu, jicho linaona. Sindano ikitokea nusu milimita nje ya mstari, ukingo wa jani unaota meno. Wazoefu huzungusha kwanza mshono wa nyuma, ule ambao sindano hurudi nyuma kidogo kabla ya kusonga mbele, kufuata mchoro, ndipo wanajaza juu yake, ili ukingo uwe na kitu cha kuegemea. Anayeanza mara nyingi haambiwi hilo. Anapewa picha ya jani na kuambiwa atulie. Kwa hiyo ulikaa na kazi inayokuhukumu kila baada ya sekunde kumi, halafu ukajishangaa mbona moyo hautulii.

La pili ni hiyo ahadi uliyopewa. Anayesema sindano inazima mawazo sidhani kama amewahi kushona saa nzima peke yake, kimya. Mikono ikishapata kazi, mdomo ukafungwa na simu ikawekwa mbali, yale mawazo yaliyokuwa yamepanga foleni tangu asubuhi yanapata mlango. Sindano haikuyaleta. Yalikuwapo, ila mchana ulikuwa na kelele.

Jon Kabat-Zinn alipoanzisha mafunzo yake ya uzingativu katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, mwaka 1979, wengi wa waliopelekwa kwake walikuwa na maumivu ya muda mrefu ambayo tiba haikuyamaliza. Hakuwafundisha kufukuza kitu. Walikaa wakaifuatilia pumzi, wakagundua akili imeshaondoka, wakairudisha bila kujigombeza. Ikaondoka tena, wakairudisha tena. Huko kurudi ndiko zoezi lenyewe. Mtu ambaye akili yake imetoroka mara arobaini na akairudisha mara arobaini amefanya kazi kubwa kuliko aliyekaa ametulia tuli kwa bahati.

Sasa, pumzi ina upungufu mmoja: haiachi alama. Ukipotea dakika tatu ukiwa umefumba macho, hakuna ushahidi. Kitambaa kinao. Ninacho kimoja nilichokishona usiku, nikimuuguza mama. Mwanzo wa mstari mishono imelingana kama meno ya kitana. Katikati, pana sehemu ya upana wa vidole vinne ambapo kitambaa kimekunjamana kwa jinsi nilivyokuwa nikiuvuta uzi. Sikumbuki hata kidogo nilikuwa nawaza nini pale. Mkono unakumbuka. Halafu mishono inakuwa mirefu, inalegea, inapinda kuelekea chini, na hapo ni usingizi tu. Miaka imepita, na kitambaa hicho kinanieleza usiku ule kuliko ninavyoweza kuueleza mwenyewe.

Ndiyo maana nakuomba, kwa mwezi mmoja, usifumue kitu. Ukifumua unafuta kile ambacho ungekuja kukisoma. Uovyo wa mshono ndio habari uliyokuwa ukiitafuta.

Nikueleze ninavyofanya mimi na ninavyowafundisha wengine, wewe utachukua kinachokufaa. Chukua kitambaa cha pamba au kitani kisicho na mchoro wowote. Kiwambe kwenye duara, ile fremu ya mviringo ya kushikia kitambaa, mpaka ukikigonga kwa ukucha kitoe sauti ya kingoma kidogo. Rangi ya uzi iwe moja tu, kwa sababu kuchagua rangi ni uamuzi, na maamuzi yanachosha. Uzi wa kawaida wa kudarizi huwa na nyuzi 6 zilizosokotwa pamoja. Kata kipande cha kutoka ncha za vidole hadi kiwiko, kama sentimita 45, na utoe nyuzi mbili. Vuta mmoja, kisha mwingine. Ukizivuta mbili kwa mpigo zitafungana. Mmoja unapotoka, zile tano nyingine zinajikunja na kujirundika kama pazia lililosukumwa pembeni, na anayeona mara ya kwanza hudhani ameharibu. Endelea kuvuta taratibu. Uzi ukishatoka wote, zile tano zinashuka na kunyooka zenyewe.

Kutunga uzi nako kuna namna. Usiukimbize uzi kwenye tundu. Bana ncha yake kati ya kidole gumba na cha shahada mpaka isionekane kabisa, lete tundu la sindano juu ya vidole, kisha legeza kidogo kidogo mpaka uzi uchungulie na kuingia wenyewe. Nimewatazama wanafunzi wakifanya hivyo, na karibu wote hushusha pumzi ndefu uzi unapoingia bila kujua kwamba wameishusha. Kwangu mimi zoezi limeanza hapo.

Huo urefu wa uzi ndio saa yako. Uzi ukiisha, umemaliza; ukitaka kuongeza mwingine, ongeza ukijua kwamba umeamua. Kwa mwendo wangu ni kama robo saa. Mrefu kuliko hapo utachakaa kwa kupita kitambaani mara nyingi, tena utajifunga mafundo, na fundo ni ugomvi ambao hukuuhitaji jioni hiyo.

Mshono uwe ule wa kuzama na kuibuka, ambao fundi cherehani hupiga bandi nao. Usiudharau kwa urahisi wake. Sashiko ya Wajapani imejengwa juu yake: watu wa vijijini na wavuvi waliunganisha kwa mshono huo tabaka za kitambaa ili nguo idumu na ihimili baridi. Huko Bengali, kantha ilitokana na sari zilizochakaa, zikapangwa juu kwa juu na kushikwa kwa mistari ya mshono huo huo. Ni mshono wa watu waliokuwa wakiokoa nguo, na haukutegemea kipaji cha mtu.

Sasa shona. Sikiliza sindano inavyotoboa kitambaa kilichowambwa, ile *tu* ndogo, halafu uzi unaifuata kwa mkwaruzo mrefu. Baada ya mishono kadhaa utaona uzi umeanza kujisokota na kuwa mgumu. Geuza duara, achia sindano ining'inie hewani. Itazunguka, kwanza kwa kasi, kisha polepole, itasita, itarudi nyuma kidogo, itasimama. Wakati inazunguka huna la kufanya ila kuitazama. Katika kazi hii yote hakuna mahali ninapopapenda kama hapo.

Rafiki yako atakuja, hilo lisikusumbue. Utakuwa katikati ya mstari na tayari unamjibu. Ukigundua, jiambie kimoyomoyo, "namjibu," na upeleke sindano kwenye tundu linalofuata. Usimfukuze wala usimalizie sentensi. Ukipenda, kila unapogundua hivyo weka fundo dogo, lile la kuzungushia uzi mara moja au mbili kwenye sindano kabla ya kuizamisha. Mwanafunzi wangu mmoja alimaliza jioni ya kwanza kitambaa kikiwa kama kimeota upele. Aliona aibu kunionyesha. Nilimwambia ahesabu: yalikuwa mafundo 31, na fundo haliwekwi na mtu aliyepotea, huwekwa na aliyerudi. Uangalie pia mkazo. Kitambaa kikianza kukunjamana jua umeshaivuta hasira mpaka kwenye uzi, na ukijichunguza utakuta taya nazo zimekazana. Legeza taya kwanza, uzi utalegea wenyewe.

Hapa niseme jambo ambalo walimu wengi wanalipita haraka, nami naliona kubwa: mishono haifanani kwa kazi yake moyoni. Ule wa kuhesabu, hasa wa msalaba unaofuata chati ya vijumba, unaijaza akili. Huwezi kuhesabu kumi na saba kulia, nne juu, huku unagombana na mtu. Utulivu wake ni wa chumba kilichojaa, hakuna pa kuweka kiti kingine. Mshono wa bandi unafanya kinyume: mkono unajiendesha, na chumba kinabaki na nafasi. Kwa hiyo siku ambayo kidonda kinawaka, siku umekutana naye njiani, chukua chati uhesabu. Siku ambayo una nguvu za kumtazama, chukua bandi. Na jani la kujaza liache kwa siku ambayo huna neno na mtu yeyote, unataka tu kitu kizuri. Nimewaona watu wakiacha kudarizi kabisa kwa kuchagua mshono usio wa siku hiyo, halafu wakajilaumu kwamba hawana subira.

Kuhusu kujitafakari, nitofautishe vitu viwili vinavyofanana sura. Kuna kutafakari na kuna kucheua. Anayecheua anakirudisha kinywani kile kile, anakitafuna, anakimeza, anakirudisha tena. Sentensi ni ile ile, mwisho ni ule ule, na yeye daima ndiye aliyeonewa. Anayetafakari hukutana na kitu kipya, hata kikiwa kidogo: kwamba siku ile alikuwa amechoka, kwamba rafiki alisema jambo fulani mara mbili naye hakusikia, kwamba kilichomuuma hasa si lile neno ila waliokuwa wakisikiliza. Uzi ukiisha, kabla hujanyanyuka, jiulize umejua nini ambacho hukukijua ulipokuwa ukiutunga. Kiandike kwa mstari mmoja kwenye daftari. Kama hakipo, andika hakipo. Ikipita wiki nzima na jibu ni hilo, basi bandi inakulishia kucheua. Hamia kwenye kuhesabu, au weka sindano chini ukazungumze na mtu mwenye masikio. Na kama hicho kinachokurudia kinakunyima usingizi na chakula, au kinakuambia ni bora usingekuwapo, usikipeleke kwenye kitambaa peke yako. Mwone daktari au mshauri nasaha. Sindano inaweza kwenda nawe huko, ila isiende badala yako.

Nasema hivyo kwa sababu kuna kitambaa kimoja ambacho kila anayezungumzia udarizi na nafsi angepaswa kukijua. Kiko London, katika makumbusho ya Victoria and Albert. Alikishona Elizabeth Parker, msichana wa Sussex, Uingereza, aliyezaliwa mwaka 1813 na kupelekwa kufanya kazi za ndani angali mdogo. Karibu mwaka 1830 alichukua kitani na uzi mwekundu, na kwa mshono mdogo wa msalaba akaanza kueleza kwamba kwa kuwa hawezi kuandika, anayaweka haya kwa wepesi na uwazi kama anayezungumza na mtu anayemwamini. Hakuna ua, hakuna mpaka wa mapambo, hakuna alfabeti ya kujifunzia. Ni maneno tu, zaidi ya elfu moja, yanayoeleza ukatili wa waajiri wake, aibu yake, na jinsi alivyotaka kujiua. Kisha, katikati ya mstari, anauliza roho yake itakuwaje. Baada ya hapo hakuna mshono tena. Sehemu yote ya chini ya kitambaa ni tupu.

Hebu fikiria mwendo wake. Herufi moja ya namna hiyo inadai misalaba kadhaa. Sentensi ambayo wewe unamtupia rafiki yako kichwani kwa sekunde tatu ingemchukua yeye jioni nzima. Sidhani kama mtu anaweza kubaki na hasira ya aina moja kwa muda wote huo. Katikati ya neno lazima ulione neno lenyewe. Tena alisema hawezi kuandika, na aliandika. Waliochunguza maisha yake wamegundua kwamba baadaye alikuwa mwalimu, akaishi hadi 1889. Lile swali halikuwa mwisho wake, ingawa kitambaa kiliishia pale.

Umeuliza kama haya si ya watu kama wewe. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na baada yake, sindano ziliwekwa mikononi mwa wanajeshi waliojeruhiwa, baadhi yao wakiwa na mishtuko isiyoonekana kwa nje. Zaidi ya mia moja kati yao walidarizi kitambaa cha madhabahu ya Kanisa Kuu la St Paul's, London, kilichotumika mwaka 1919. Kama mikono iliyotoka mitaroni ilipata mahali pa kutua, yako itapata.

Sasa hilo la kumpelekea rafiki yako. Hapa nina maoni makali kidogo, nivumilie. Ukishona huku unajua kwamba ataona, hutajitafakari, utamhutubia. Kila jani litakuwa hoja. Kuna Mbrazili, Arthur Bispo do Rosário, aliyeishi miaka mingi katika taasisi ya wagonjwa wa akili Rio de Janeiro hadi alipofariki mwaka 1989. Uzi wake mwingi aliupata kwa kufumua sare za bluu za wagonjwa, na kwa uzi huo alidarizi vitu vingi. Kilicho maarufu zaidi ni joho ambalo alikusudia kulivaa siku atakapofika mbele za Mungu. Kwa nje limejaa alama na picha. Kwa ndani, upande unaogusa mwili, kuna majina ya watu, moja baada ya jingine. Aliyelitazama joho akiwa amelivaa asingeyaona majina hayo.

Nami nakushauri upande wa ndani uwe wako. Geuza duara lako utazame nyuma: zile nyuzi zilizoruka kutoka mahali hadi mahali, mikia, mafundo uliyodhani umeyaficha. Walimu wa zamani walipenda kusema nyuma iwe safi kama mbele. Kwa kazi ya kuuza au ya mashindano, sawa. Kwa kazi hii, mimi huwakataza wanafunzi kuisafisha. Nyuma panaonyesha uliporuka na ulipokwama. Kishone kitambaa hiki mpaka mwisho kikiwa chako. Ukitaka kumpa kitu, mshonee kingine, baadaye, ukiwa umeshajua unataka kumwambia nini. Na huenda ukagundua kwamba unachotaka ni kumpigia simu tu.

Mengine kwa kifupi. Kaa mahali penye mwanga unaotoka upande wa mkono usioshika sindano, ili kivuli kisiangukie kazi. Inua macho utazame mbali kila uzi ukiisha. Muziki si dhambi, lakini siku ya bandi jaribu bila muziki. Simu iwe chumba kingine.

Tumalizie lile jani. Mahali palipofumuliwa mara nne patakuwa na mashimo na vinyweleo vya uzi wa zamani. Toa vinyweleo kwa kibanio. Kisha kwa ncha butu ya sindano kwaruza kitambaa taratibu, kwanza kwa urefu halafu kwa upana, ili nyuzi zake zisogeleane. Kama rangi ya uzi haichuji, kiloweke kwenye maji ya vuguvugu, kikaushe kimelala, kipige pasi kwa nyuma. Mashimo mengi yatafumba. Machache hayatafumba, na hapo usijaze tena: pitisha bandi moja kuzunguka pale jani lilipokuwa, uzi mmoja wa sentimita 45, na uache katikati wazi.